Una mkopo na wazo zuri, mbona biashara inakufa? Somo la mteja kutoka delta ya Rufiji

Tuseme mko vijana watano hapo Kibiti. Kikundi kimesajiliwa, mkopo wa halmashauri umetoka, na wazo mnalo: mnanunua friza, mnakusanya kambamiti kutoka kwa wavuvi wa delta ya Rufiji, mnauza Dar es Salaam. Mmewauliza watu, na kila mmoja kasema, "Wazo zuri sana hilo."

Miezi mitatu baadaye friza ipo, lakini haijai hata nusu. Wavuvi wanawauzia watu wengine. Rejesho la mkopo linadaiwa mwisho wa mwezi.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini aliyewahi kufanya biashara anakijua. Vijana hawakuwa wavivu, na mtaji haukuwa mdogo. Shida ilianzia kwenye swali. Waliwauliza watu swali ambalo kulijibu "ndiyo" hakugharimu chochote.

Wanaoanzisha kampuni changa, zile zinazoitwa startapu, wameumizwa na swali hilo duniani kote. Steve Blank, mjasiriamali wa California aliyegeuka mwalimu, alijenga mafundisho yake juu ya jambo moja: majibu hayamo ofisini, yako nje kwa mteja. Mwanafunzi wake Eric Ries alilieneza zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 2011, The Lean Startup.

Lakini huna haja ya kwenda California. Mifano mizuri iko Afrika Mashariki, na mmoja uko ndani ya delta yenyewe.

M-Pesa haikuanza kama unavyoijua

Leo mtu akisema "nirushie", kila mtu anaelewa. Mwanzoni haikuwa hivyo.

Oktoba 2005, kampuni ya Vodafone na Safaricom zilianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya, katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika. Lengo halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kupokea mikopo na kurejesha kwa simu.

Wateja wa majaribio walikuwa mamia tu. Wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mmoja anamlipia mwenzake rejesho, naye analipwa kwa huduma nyingine. Mwingine anaweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuitoa akifika, asitembee na fedha mfukoni. Wafanyabiashara wakaigeuza kabati la kulaza mauzo ya jioni, kwa sababu benki hufunga mapema kuliko duka la wakala. Wengine wakawatumia pesa watu ambao hawakuwa hata kwenye majaribio.

Timu iliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie ingeweza kusema, "Hawa hawajaelewa mafunzo." Badala yake walitazama na kuandika. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa rasmi, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa pembeni. Ujumbe kwa Wakenya ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Kwa hiyo huduma tunayoitumia leo kulipia korosho, ada na nauli ilitokana na wateja kuitumia "vibaya".

Somo halikuishia hapo. Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mambo yalikwenda polepole mno ukilinganisha na Kenya, ingawa jina na teknolojia vilikuwa vile vile. Mteja ndiye alikuwa mwingine. Ilibidi kampuni ijifunze upya hapa nchini kuhusu mawakala, bei na namna ya kumweleza Mtanzania faida yake.

Kwa hiyo ukisikia biashara fulani imeshika Mwanza au Nairobi, usiibebe nzima nzima hadi Bungu. Huko ilikotoka walimsoma mteja wao. Wewe wako hujamsoma.

Biashara moja inavyozaa nyingine

Nick Hughes hakuishia kwenye M-Pesa. Yeye na wenzake walianzisha M-KOPA, iliyoingia sokoni Kenya mwaka 2012.

Waliliona jambo ambalo kila duka la mtaani linalijua. Familia isiyo na umeme haikosi kabisa pesa ya mwanga. Inanunua mafuta ya taa kidogo kidogo, kila siku. Inachokosa ni pesa ya kununua mtambo wa sola kwa mkupuo. Basi wakauza sola kwa malipo ya awali, halafu kiasi kidogo cha kila siku kupitia M-Pesa, kinachokaribiana na kile kilichokuwa kikienda kwenye kibatari. Karibu na wakati huo, Arusha ilianza kampuni nyingine yenye wazo la aina hiyo, Off Grid Electric.

Baadaye M-KOPA ikagundua kitu kingine: mteja aliyelipa sola mpaka ikaisha amejionyesha kuwa mlipaji, hata kama hajawahi kuwa na akaunti ya benki. Ikaanza kuuza simu janja kwa utaratibu ule ule.

Tazama mnyororo huo. Mikopo ikazaa utumaji pesa, utumaji pesa ukazaa sola ya malipo madogo, na sola ikazaa simu. Kila hatua ilitokana na kumwangalia mteja wa hatua iliyotangulia, anafanya nini na pesa yake.

Mtanzania Benjamin Fernandes naye alipita njia ya kugeuza. Kampuni yake, NALA, ilianza na programu ya simu ya kumrahisishia mtu kufanya miamala ya pesa za simu hata bila intaneti. Ilipata sifa, na mwaka 2019 ikaingia kwenye mafunzo ya Y Combinator huko Marekani. Lakini kufikia mwaka 2021 ilishageukia mteja mwingine kabisa: Mwafrika Mashariki aliyeko ughaibuni, anayetaka kutuma pesa nyumbani haraka na kwa gharama nafuu. Kwa njia hiyo mpya ndiyo ikakua na kupata wawekezaji wakubwa.

Kugeuza njia si aibu. Aibu ni kuendelea kumwaga pesa kwenye wazo la kwanza kwa sababu tu umeshawatangazia ndugu na jamaa.

Delta iliwahi kuona mradi mkubwa ukikwama

Sasa turudi nyumbani. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Watu wake wanavua na pia wanalima mpunga. Wakati wa kulinda mashamba wanahamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo.

Katika miaka ya 1990, kampuni moja ilikuja na mpango mkubwa wa kufuga kambamiti kwenye mabwawa ndani ya delta. Mpango ulihitaji maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri usikubaliwe. Hata hivyo, mwaka 1997 serikali iliupa kibali.

Wakazi wa delta waligawanyika. Wapo waliosubiri ajira. Wengi walijiuliza: mashamba yetu ya mpunga yatakuwa wapi? Njia zetu za mitumbwi je? Kambamiti wanaokulia kwenye mikoko je? Wakafungua kesi Mahakama Kuu, huku wanasheria na wanahabari wa mazingira wakiwaunga mkono. Mabwawa yale hayakuwahi kujengwa.

Unaweza kusema, "Wale hawakuwa wateja, wateja wangekuwa ng'ambo." Ni kweli. Lakini ndiyo maana mfano huu una uzito. Kwenye biashara yoyote kuna anayekulipa, na kuna yule ambaye asipokubali hakuna kitakachosimama: mvuvi anayekuuzia, mwenye boti anayebeba mzigo, kijiji chenye bandari. Ukimsikiliza anayelipa peke yake, umesikia nusu ya habari.

Ukitaka mfano wa kusikiliza vizuri, angalia biashara ya zamani ya delta hiyo hiyo: miti ya mikoko. Kwa karne nyingi majahazi yaliibeba hadi Uarabuni kujengea nyumba. Wakataji waliipanga kwa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majina hayo ni madaraja ya unene, lakini ukiyasikiliza utaona mengi yake ni sehemu za nyumba. Yaani mkataji aliyesimama kwenye tope la delta alikuwa tayari anazungumza lugha ya fundi wa upande wa pili wa bahari. (Leo mikoko ni hifadhi, huwezi kuikata bila kibali.)

Usiulize kuhusu kesho, uliza kuhusu jana

Haya, unamsikilizaje mteja? Watu wa pwani tuna adabu. Mgeni akija na wazo lake, huwezi kumkatisha tamaa barazani kwako. Ndiyo maana mazungumzo kama haya hayana faida:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, tukileta friza hapa, utatuuzia kambamiti?"

"Eeh, leteni tu. Mtatusaidia sana."

Mzee hajadanganya. Amekupa ndiyo ya heshima. Lakini huwezi kukopea fedha juu yake.

Sasa sikia mazungumzo ya namna nyingine, nayo ni ya mfano:

"Mzee, mara ya mwisho kupata kambamiti wa kuuza ilikuwa lini?"

"Bamvua lililopita."

"Ulimuuzia nani?"

"Yule jamaa wangu wa siku zote."

"Kwa nini yeye, mzee?"

"Aa, nyavu hizi kanikopesha yeye. Na mtoto akiumwa usiku, nampigia nani simu?"

Hapo umepata habari ya maana. Mpinzani wako hana friza. Ana mkopo wa nyavu na msaada wa usiku. Utaratibu wa mnunuzi kumkopesha mvuvi zana, kisha mvuvi kumuuzia yeye, upo sehemu nyingi za pwani yetu. Ukileta friza peke yake, umejibu swali ambalo mzee hakuuliza.

Maswali yanayofaa ni yale yanayohusu jambo lililokwisha kutokea:

• Mara ya mwisho ilikuwaje? Nieleze tangu mwanzo mpaka ulipolipwa.

• Ulipoteza nini? Kiasi gani kiliharibika, saa ngapi ulisubiri?

• Umeshajaribu kulitatua vipi? Ulitumia pesa ngapi?

• Nani mwingine anahusika? Nani anaamua bei, nani anabeba mzigo?

Swali la tatu ndilo kipimo. Mtu akilalamikia shida lakini hajawahi kutoa hata shilingi elfu kuitatua, huenda shida hiyo haimuumi sana. Akiwa tayari ananunua barafu kwa bei mbaya au anampa mtu wa boti ziada ili awahi, hapo kuna biashara.

Halafu angalia saa. Ratiba ya mvuvi inafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa sana. Wakati wa maji mafu mwendo ni mwingine. Ukimfuata mtu na daftari lako wakati anawahi maji, atakujibu ili uondoke. Mkute anashona nyavu.

Pesa nazo zina msimu. Kwa mkulima wa korosho wa Kibiti, mfuko wa kipindi cha mauzo si mfuko wa masika. Ukimuuliza Novemba kama anamudu malipo ya kila wiki, kisha ukaanza kumdai Aprili, usije ukasema mteja ni mkorofi. Wewe ndiye ulimsoma nusu mwaka.

Jaribu kwa deli kabla ya friza

Kusikiliza ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kujaribu kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana. Kabla ya friza, azimeni deli moja, nunueni barafu, chukueni kilo kumi za kambamiti Nyamisati, mkawauzie watu mnaowalenga. Kwanza pitieni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, awaeleze leseni inayotakiwa na kama uvuvi uko wazi kipindi hicho.

Kisha pigeni hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, wekeni zenu:

• Kilo 10 kwa shilingi 10,000: 100,000

• Usafiri: 15,000

• Barafu: 8,000

• Jumla ya gharama: 123,000

Kilo moja imeharibika njiani. Mmeuza kilo 9 kwa shilingi 14,000 kila moja, mmepata 126,000. Faida ni shilingi 3,000.

Zikiharibika kilo mbili, mnapata 112,000. Hapo mmepata hasara ya 11,000.

Ona deli moja limewafundisha nini. Faida yote imebebwa na kilo moja ya kambamiti asiyeharibika. Kwa hiyo huenda biashara yenu ya kweli si kununua na kuuza. Huenda ni barafu: kuifikisha kwa mvuvi kabla hajaingia majini. Au huenda ni usafiri. Ungenunua friza kwanza, jambo hili ungelijua ukiwa tayari na deni.

Rudieni safari tatu au nne, kwenye maji tofauti. Kila safari iwe na swali moja mnalotaka kulijibu. Safari ya kwanza: je, mvuvi atatuuzia kweli? Ya pili: je, mzigo unafika salama? Ya tatu: je, mnunuzi wa Dar atarudi kununua tena bila sisi kumbembeleza? Hilo la mwisho lina uzito kuliko sifa zote. Anayenunua mara ya kwanza anaweza kuwa amekuonea huruma. Anayekupigia simu mwenyewe, "Mtaleta lini tena?", huyo ni mteja.

Vivyo hivyo kwa anayewaza programu ya simu. Kabla ya kumlipa mtengenezaji, fungua kundi la WhatsApp la wavuvi kumi na wanunuzi watano, uwe unatuma bei kila asubuhi kwa mkono wako. Watu wasipolifungua kundi la bure, programu hawataipakua.

Kwa nini jambo hili ni zito kwa Kibiti

Kwa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ukarejeshwa.

Haina riba, lakini si zawadi. Pesa isiyorudi ni pesa ambayo kikundi kinachofuata hakitaipata. Friza iliyolala Kibiti haiwaumizi wale vijana watano peke yao. Inamgusa na yule dada wa Mchukwi aliyeko kwenye foleni na wazo linalofaa.

Pia delta si mahali pa kubahatisha. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Familia inayojikwamua baada ya maji haina nafasi ya kujaribishiwa wazo ambalo mwenyewe hakulipima.

Kwa hiyo kabla ya kikundi chenu kusaini fomu ya kununua friza, fungueni daftari. Liwe na majina ya watu kumi mliozungumza nao kuhusu jana yao, siyo kesho yenu. Liwe na hesabu za safari tatu za deli, pamoja na ile iliyoleta hasara. Na liwe na angalau jambo moja mlilokuwa mkiliamini mwanzoni, kisha mteja akawaonyesha kuwa silo.

Kama hilo la mwisho halimo, rudini Nyamisati. Bado hamjamsikiliza mtu.